Rufaa ya kesi ya kumjeruhi jirani: maswali ninayoulizwa kila siku, Moshi na Arusha

Naandika hii kwa sababu simu haipumziki. Mama anapiga kutoka Kibosho analia mwanae kafungwa jana, shemeji wa mtu anapiga kutoka Ngaramtoni anasema tumeskia kuna siku kumi sasa hizo siku zinaanza lini, na wote nawajibu yale yale. Mimi sio wakili. Ni dada wa mtu aliyefungwa kwa kumpiga jirani, nilihangaika na rufaa yake zaidi ya mwaka, na baada ya pale nikaenda kusomea usaidizi wa kisheria maana niliona watu wanavyopotea kwenye korido za mahakama.

Kitu kimoja kiingie kichwani kabla hujaendelea. Kwenye rufaa hakuna anayeita mashahidi upya aulize nani alianza. Jaji anasoma alichoandika hakimu, basi. Kisichoandikwa hakipo. Na karatasi ya kwanza kwenye hilo faili la rufaa inatakiwa itoke kwenu nyie.

Vifungu ninavyotaja humu ni kwa namba tulizozizoea, toleo jipya la sheria lililoanza kutumika Julai 2025 limesogeza namba nyingi so ukienda kuandika kitu rasmi hakikisha unaangalia toleo la sasa.

Kafungwa leo, tuanzie wapi?

Anzia na notisi. Kwa Kiswahili cha mahakamani wanaita taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Kama kesi ilikuwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mnatakiwa muitoe ndani ya siku 10 tangu hukumu. Ni ukurasa mmoja tu: jina la mfungwa, namba ya kesi, mahakama iliyomhukumu, tarehe ya hukumu, na kwamba hakuridhika anakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu, na kama analalamikia kutiwa hatiani au adhabu au vyote viwili (andikeni vyote viwili). Hamna haja ya kueleza sababu hapo.

Mfungwa mwenyewe anaweza kuitolea gerezani, iwe Karanga au Kisongo au popote alipo. Anamwambia askari anayehusika na rufaa, anaandikiwa, anaweka sahihi au dole gumba, mkuu wa gereza anaipeleka. Hilo linakubalika kisheria kabisa na siku inahesabiwa pale alipoikabidhi. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kumtembelea msiishie kumpelekea sabuni na kumpa pole. Muulizeni notisi umesaini? Tarehe ngapi?

Nasisitiza hivi kwa sababu sisi nusura tuikose. Siku ile kaka kasomewa miaka mitatu mama alianguka pale pale nje, tukampeleka nyumbani, wikiendi ikapita watu wanakuja kutoa pole kama msiba, Jumatatu tukakaa kikao cha ukoo kujadili nani atoe hela ya wakili, na mimi nikaja kuskia habari ya siku kumi siku ya nane kutoka kwa mama mmoja anayeuza chai karibu na mahakama. Siku ya tisa kaka alikuwa ameshaweka dole gumba. Kikao cha ukoo kingeweza kusubiri.

Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa?

Nyie hesabuni kila siku. Usicheze na hilo.

Siku kumi zimeshapita, ndo basi tena?

Hapana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 361(2), inairuhusu Mahakama Kuu kupokea rufaa iliyochelewa kama kuna sababu ya msingi. Mnapeleka maombi ya kuongezewa muda pamoja na kiapo kinachoeleza mlichelewa kwa nini, na hapo mseme ukweli wenye ushahidi. Aliugua, wekeni cheti. Alihamishwa gereza katikati ya zile siku, semeni tarehe. "Hatukujua sheria" peke yake haisaidii sana, nimeona watu wengi wanaiandika hiyo wakiamini inatosha na wanarudi na huzuni.

Kesi yetu ilikuwa mahakama ya mwanzo, nako ni siku kumi?

Hapana, kule njia ni nyingine. Rufaa inaenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na usiporidhika tena ndio unaenda Mahakama Kuu, napo siku 30. Ugomvi mwingi mdogo wa majirani, makofi, kusukumana, kuchaniana nguo, unaishia mahakama ya mwanzo. Ukiona mashtaka yamepelekwa wilayani ujue polisi na waendesha mashtaka wameona jeraha ni kubwa.

Hayo makosa yanatofautianaje? Wengine wanasema shambulio, wengine kujeruhi.

Hapa ndipo miaka inapopatikana au kupungua, so soma taratibu. Kanuni ya Adhabu ina ngazi. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, mwisho ni mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili, 241, mwisho miaka 5. Kusababisha madhara makubwa, 225, mwisho miaka 7. Na juu kabisa kuna 222, pale mtu alipokusudia kabisa kuleta hayo madhara makubwa, hiyo inaweza kwenda hadi kifungo cha maisha. Tukio linaweza kuwa lile lile moja, mpini wa jembe ule ule, lakini kinachoamua uko ngazi ipi ni jeraha lilivyothibitishwa mahakamani na nia ilivyothibitishwa. Neno la kushika hapo ni kuthibitishwa.

Notisi tumetoa, kinachofuata?

Ombeni kwa barua nakala ya mwenendo wa kesi (yani yale yote hakimu aliyoandika kesi ikisikilizwa) na nakala ya hukumu. Barua iwe na kopi mbili, moja mkarani aigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mbaki nayo nyie. Kisha kuna petisheni ya rufaa, yani ile karatasi yenye sababu zenu, inatakiwa iingie ndani ya siku 45 tangu hukumu, ila muda wote mliokuwa mnasubiri nakala unatolewa kwenye hesabu. Ndo maana ile barua yenye mhuri ni dhahabu. Sisi nakala zilichukua miezi, nilikuwa naenda kila baada ya wiki mbili naambiwa bado zinachapwa, na mwishoni kilichotuokoa ni ile barua iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo.

Alikiri kosa, anaweza kukata rufaa?

Akikiri, kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au haiko kisheria (kifungu cha 360). Isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini: hakuelewa shtaka, au alisema "ni kweli nilimpiga ila aliniingilia kwangu na panga", huko sio kukiri, huko ni kujitetea. Someni mwenendo muone aliandikiwa maneno gani hasa.

Sababu gani zina nguvu? Sisi tunajua tu ameonewa.

"Ameonewa" jaji hawezi kuifanyia kazi. Chukueni mwenendo, kalamu nyekundu, someni ukurasa kwa ukurasa mkitafuta vitu hivi.

PF3. Ile fomu ya polisi ambayo majeruhi anaenda nayo hospitali na daktari anaijaza. Hakimu anatakiwa amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kuomba daktari aliyeijaza aitwe aulizwe maswali, ipo kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo (msichanganye na 240 ya Kanuni ya Adhabu). Pia hati yoyote ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mshtakiwa ajue imesema nini, Mahakama ya Rufani, ile iliyo juu ya Mahakama Kuu, imelirudia hilo mara nyingi mno. Ikikosa hayo inaweza kuondolewa kwenye rekodi.

Kwetu ilikuwa hapo. Nakumbuka ni usiku, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, nafika kwenye ushahidi wa askari, imeandikwa PF3 inapokelewa kama kielelezo P1, halafu mstari unaofuata moja kwa moja mshtakiwa anaanza kumuuliza askari maswali. Hakuna palipoandikwa imesomwa. Na daktari hakuletwa kabisa. Nikarudia kusoma mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa.

Lakini msijidanganye kwamba PF3 ikitoka kesi imekufa. Mahakama inaangalia ushahidi wa mdomo uliobaki. Aliyepigwa akisema kapigwa, na jirani mwingine akasema alimkuta anavuja damu mkono umevimba, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba alidhurika. Kwa kaka yangu jaji alisema hivyo hivyo: kupigwa kumethibitika, ila madhara makubwa hayajathibitika bila daktari wala hati, akamtoa kwenye 225 akamweka kwenye 241.

Utambuzi wa usiku. Kama tukio lilikuwa gizani, tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilishaweka wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na lazima uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Shahidi aseme kulikuwa na taa gani, mwanga wake ukoje, umbali gani, alimuona kwa muda gani, na je alimtaja haraka kwa mtu wa kwanza aliyemkuta? Watu wanadhani jirani hawezi kukosea kumjua jirani. Mahakama imesema hata mtu unayemfahamu unaweza kumkosea. Ila kama mmegombana saa kumi jioni kwenye mfereji mbele ya watu wanne wanamwagilia migomba, achaneni na sababu hii, itaharibu zile nzuri.

Hati ya mashtaka kusema tarehe moja na mashahidi kusema nyingine. Hakimu kubadilishwa katikati bila sababu kuandikwa. Mshtakiwa kutoelezwa haki zake za kujitetea alipoonekana ana kesi ya kujibu. Utetezi wake kutoguswa kabisa kwenye hukumu, hii ipo sana, hakimu anaandika kurasa nane za upande wa mashtaka halafu utetezi mistari miwili. Makosa madogo madogo yasiyomuumiza mtu jaji anaweza kuyapita, so kila sababu mueleze ilimnyimaje haki.

Mashahidi wote walikuwa ndugu wa jirani, sio sababu hiyo?

Peke yake sio. Sheria haikatazi ndugu kutoa ushahidi na wala haidai idadi fulani ya mashahidi, hata mmoja wa kuaminika anatosha. Kinachosaidia ni kuonesha wanapingana kwenye jambo la msingi.

Yeye ndo alianza, kaka alijitetea tu.

Kujitetea kunakubalika kama nguvu uliyotumia inalingana na hatari. Swali la jaji litakuwa alilisema hilo kwenye kesi ya kwanza? Aliwauliza mashahidi wao kuhusu hilo la nani alianza? Kama kesi nzima alisema hakuwepo, leo kwenye rufaa hawezi kuja na kujitetea. Kuchokozwa nako hakufuti kosa la kujeruhi ila kunaweza kupunguza adhabu.

Anaweza kupata dhamana akisubiri rufaa?

Inaombwa, kifungu cha 368, lakini ni ngumu. Sio kama dhamana ya kabla ya hukumu, sasa hivi ameshatiwa hatiani. Inabidi kuonesha rufaa ina nafasi kubwa sana ya kushinda au kuna hali isiyo ya kawaida kabisa. Sisi tuliomba tukakataliwa. Jambo la kupiga hesabu: mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida anapunguziwa theluthi moja, kwa hiyo kifungo kifupi kinaweza kwisha rufaa bado haijaguswa. Hapo mkazanie rufaa ipangwe mapema.

Tumeshaelewana na jirani, yuko tayari kufuta kesi.

Ngoja niwe mkweli, hili ndo linalowaumiza watu wengi. Upatanisho mahakamani upo, kifungu cha 163, kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi, na unafanyika kesi ikiwa bado inaendelea. Kwenye madhara makubwa jirani hana uwezo wa kufuta, kesi ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Na baada ya hukumu barua ya msamaha haifuti hatia. Inaweza kuangaliwa kwenye adhabu, so ileteni, lakini msimlipe mtu milioni mkidhani kesho mlango wa gereza unafunguliwa.

Kukata rufaa kunaweza kumuongezea miaka?

Ndiyo, Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza na wa kuongeza. Haifanyi kila siku na inatakiwa imsikilize kwanza kabla ya kuongeza, lakini kama alipigwa miezi sita kwa kumkata mtu panga la kichwa, kaeni na mtu anayejua sheria kabla ya kulalamikia adhabu.

Mimi ndio niliyepigwa na aliyenipiga ameachiwa. Nakata rufaa wapi?

Pole sana, na nakujibu kwa moyo wote maana nimekaa upande wa pili. Kama ni mahakama ya mwanzo, wewe mlalamikaji unaruhusiwa kukata rufaa mwenyewe, siku 30. Kama ni wilaya au hakimu mkazi, anayekata ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa hiyo kimbia ofisi ya mashtaka ya mkoa, waone mawakili wa serikali, waeleze. Wao wana siku 30 za notisi na 45 za petisheni. Usikae nyumbani ukisubiri kupigiwa.

Na kwa mwenye kesi inayoendelea: mng'ang'anie mwendesha mashtaka daktari aletwe. Ule mkono jirani yetu alivunjika kweli, sisi wote tulijua, uliopona vibaya tunauona mpaka leo. Jaji hakuuona kwa sababu karatasi haikusomwa. Kaka yangu alifaidika na hilo na sitaki kulificha.

Hatuna hela ya wakili.

Rufaa nyingi za wafungwa zinaandikwa bila wakili na zinasikilizwa. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizeni halmashauri yenu watoa msaada waliosajiliwa, na Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina mawakili wanaojitolea. Someni pia hukumu za bure kwenye mtandao wa TanzLII, nyingine ziko Kiingereza ila kijana wa kidato cha nne anaweza kuwasaidia. Mkimbieni kishoka, yani wakili feki. Mmoja alitaka laki mbili kwetu kwa kuandika notisi, hiyo hiyo ya ukurasa mmoja ambayo magereza walituandikia bila senti.

Siku ya kusikilizwa inakuwaje?

Fupi kuliko mnavyofikiri. Mrufani anasimama, anaulizwa ana la kuongeza kwenye sababu zake, wakili wa serikali anajibu, mrufani anamalizia. Sisi haikufika nusu saa. Wakati mwingine wakili wa serikali anakubali baadhi ya sababu, msishtuke. Pia rufaa inaweza kuhamishiwa kwa hakimu mwenye mamlaka ya nyongeza badala ya jaji, ni halali. Uamuzi unaweza kuwa kumuachia, kupunguza kosa, kugusa adhabu, kuacha kila kitu kilivyo, au kuamuru kesi ianze upya pale ile ya kwanza ilipoharibika, ingawa isianze upya ili upande wa mashtaka wazibe matundu yao.

Tukishindwa, si tunaenda ile Mahakama ya Afrika hapo Arusha?

Kwanza kuna Mahakama ya Rufani ya Tanzania, majaji watatu, notisi siku 30 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu, na inafanya vikao Arusha na Moshi kwa hiyo hamna haja ya kupanda basi la Dar. Kule ni mambo ya kisheria zaidi, na kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo inahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya sheria. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu sio ngazi ya rufaa, na Tanzania ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi kufungua shauri pale, kujitoa kulianza kufanya kazi Novemba 2020. Ya Afrika Mashariki nayo haisikilizi rufaa za jinai zetu.

Fidia aliyoamriwa inaisha rufaa ikishinda?

Kama hatia imefutwa kabisa, nayo inaanguka. Kama kosa limepunguzwa tu, jaji anaweza kuiacha. Kwetu ilibaki yote, laki nane.

Akitoka anarudi kuishi palepale na huyo jirani?

Wengi wetu huku vihamba (mashamba ya ukoo) vimepakana, hamna pa kuhamia. Jueni kwanza mahakama ya jinai haijaamua mpaka uko wapi. Ugomvi wetu ulianzia kwenye masale (mimea ya kuwekea mpaka) yaliyong'olewa na kusogezwa hatua moja na nusu, na baada ya rufaa yote ile masale yalikuwa bado yanabishaniwa. Hilo linaanzia baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, mkishindwana ndio Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tulienda, tukapima kwa kamba mbele ya wazee watatu, yakarudishwa.

Fidia kaka analipa kidogo kidogo baada ya kuuza ndizi, kila risiti mama anaiweka kwenye kopo. Wiki aliyotoka, baba mkubwa alifunga fundo kwenye jani la sale, ndivyo tunavyoomba msamaha huku, wakaenda naye kwa jirani jioni, mimi nilisimama kwenye migomba naangalia. Jirani alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwamba ametumia mkono huo, akasema wa kulia haufiki. Kaka alikuwa ameinama chini.